Kila Mtoto na Eneo Lake: Namna Tunavyogawana Kazi za Nyumbani

Katika nyumba yetu hapa Tanga, kila mtoto aliyefikisha miaka 4 ana sehemu ya kazi za nyumbani ambayo ni yake tangu shule zinapofunguliwa hadi zinapofungwa. Hasubiri kuambiwa. Sabuni ya vyombo ikikaribia kwisha, mwenye vyombo ndiye anayepaswa kuliona hilo kabla yangu. Fagio la chelewa likilegea, mwenye uwanja ndiye anayelikaza upya au anayekuja kunieleza kwamba linahitajika jingine. Wazazi wenzangu wameniuliza mara nyingi namna mpango huu unavyokwenda, na kwa kuwa hauelezeki vizuri kwa maneno machache ya mlangoni, nimeona niuandike kwa kirefu.

Watoto wetu ni wanne. Binti mkubwa ana miaka 14 na yuko Kidato cha Pili, anafuatiwa na mvulana wa miaka 11, kisha binti wa miaka 8, na kitindamimba wa kiume mwenye miaka 4. Tunaishi na bibi yao mzaa baba, pamoja na dada anayetusaidia kazi. Baba yao hufanya kazi kwa zamu, kwa hiyo wiki nyingine yupo nyumbani asubuhi na wiki nyingine harudi hadi usiku.

Jambo lililonisukuma kupanga hivi ni desturi yetu ya kumtuma mtoto. Mtoto akipita mbele ya mkubwa huambiwa alete maji. Akirudi na maji huambiwa akatazame kama wali umekauka. Akitoka jikoni huambiwa akimbie dukani akanunue viberiti. Kutumwa ni sehemu ya adabu zetu na sina nia ya kukuondoa, kwani mtoto asiyeweza kutumwa na wakubwa wa mtaa ana kasoro katika malezi yake. Lakini nyumba ikiendeshwa kwa kutumana peke yake, mzigo humwangukia mtoto mmoja, naye huwa ni yule aliye karibu, mtiifu, na mara nyingi wa kike. Yule mwepesi wa kutoweka hukua bila kujua hata mahali pa kuhifadhi ufagio. Zaidi ya hapo, mtoto anayetumwa tu hajifunzi kazi nzima. Anajifunza kuchukua ndoo kutoka hapa kuipeleka pale, lakini kufikiri kwamba maji yatakwisha kesho, na kwamba kesho ni siku ya kufua, kunabaki kichwani mwa mama. Huko kufikiri ndiko kunakochosha kuliko kubeba ndoo, na ndiko nilikotaka watoto wakubebe pamoja nami.

Tulipoanza kugawana tulitazama saa kabla ya kutazama kazi. Wakubwa wanarudi shule kama saa 9 alasiri, wanakula, wanaoga, na saa 10 wanakwenda madrasa. Wakirejea ni karibu na Magharibi, na baada ya sala kuna chakula cha usiku na kazi za shule. Ukihesabu kwa haki utaona kwamba mtoto wa pwani anayesoma shule na madrasa ana nusu saa tu ya kazi siku za wiki, na anayempa zaidi ya hiyo anaichukua kutoka katika usingizi au michezo yake. Kwa hiyo kazi za Jumatatu hadi Ijumaa tumezifanya ziwe fupi, zinazoweza kumalizika ndani ya muda huo, na kazi nzito kama kufua, kupiga deki nyumba nzima na kusugua mapipa zinasubiri Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Binti mkubwa ndiye mwenye stoo na uwanja. Anajua kiasi cha mchele, unga, sukari, mafuta na maharage kilichobaki, na kila Ijumaa jioni huniandikia vitu vya kununua sokoni. Anapika chakula cha usiku mara mbili kwa wiki, na siku hizo anachagua mwenyewe cha kupika kulingana na kilichopo. Nilichokizingatia hapa ni kwamba anayepika awe ndiye anayejua stoo ina nini, kwa sababu mpishi anayekabidhiwa kila kitu kikiwa kimepimwa hajui kupanga, na siku atakapoishi peke yake atanunua nyanya za wiki nzima siku ya Jumatatu na kuzitupa Alhamisi.

Mvulana wa miaka 11 ndiye mwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi hii imenifundisha mengi kuhusu namna ya kumkabidhi mtoto jukumu. Maji ya bomba kwetu hayatoki kila siku, na yakitoka huwa ni alfajiri. Yeye anafungua bomba, anajaza mapipa mawili ya uani na ndoo za jikoni, anafunika vyote, na kila Jumamosi anasugua pipa moja. Mwanzoni nilimweleza tu kwamba pipa lisuguliwe, naye alilimwaga maji, akalisuuza na kulijaza tena. Kisha nikamweleza sababu. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hugandia hapo na kuweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakisubiri maji yapande ili yaanguliwe. Kumwaga maji hakuyaondoi. Brashi ndiyo inayoyaondoa. Tangu alipoelewa hivyo anaanzia kusugua pale penye mstari wa maji, na amekuwa mkali kwa yeyote anayeacha pipa wazi, bibi yake akiwemo. Mtoto wa umri huo anastahili kupewa sababu kamili pamoja na brashi, na ninaamini kwamba kazi nyingi tunazosema watoto wanazifanya ovyo ni kazi ambazo hatujawaeleza zinalenga nini.

Kuhusu uzito tuna kanuni isiyopindishwa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Mvulana wetu habebi dumu hilo. Anatumia mpira kujazia mapipa na ndoo ya lita 10 kupeleka maji jikoni, tena isiyojaa hadi ukingoni. Mdogo wake wa miaka 8 anabeba la lita 5. Nimewaona watoto wadogo wakitwishwa madumu makubwa na watu wazima wakiwasifu kwamba wana nguvu, nami ninasikitika kila ninapoliona hilo, kwa sababu shingo ya mtoto ingali inakua.

Kanuni nyingine isiyopindishwa ni ya moto. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawashi jiko, hasogezi sufuria iliyo jikoni wala haepui chochote cha moto, awe mbele yangu au nyuma yangu. Kuanzia hapo anafundishwa akiwa na mtu mzima kando yake: kufungua mtungi wa gesi na kuufunga, kugeuzia mpini wa kikaango upande wa ndani, kuepua kwa vitambaa viwili vikavu kwa kuwa kitambaa kibichi hupitisha joto haraka hadi mkononi. Uji unaochemka na maji ya chai ni hatari zaidi kuliko moto wenyewe, na jikoni penye jiko la mkaa lililowekwa chini, kitindamimba wetu haruhusiwi kuingia hata kufuata mpira wake.

Binti wa miaka 8 ana sebule na nguo zilizokauka. Kila jioni anaanua nguo, anazikunja na kuzigawa kwa wenyewe, na asubuhi za mwisho wa wiki anafagia sebule na kufuta vumbi kwenye meza na madirisha. Wakati wa masika, nguo zinapogoma kukauka, kazi yake inakuwa ya kuzihamisha kutoka kwenye kamba ya uani kwenda ya kibarazani na kurudi, naye anayatazama mawingu kwa makini ya kupendeza. Kitindamimba anapanga viatu vya mlangoni vikiwa jozi kwa jozi na kuweka vijiko mkekani kabla ya kula. Watu huona kazi hizo kuwa ni mchezo, lakini kwake ni kazi kamili, na viatu vikiwa shaghalabaghala tunamwita yeye, hatuvipangi wenyewe.

Vyombo vya usiku huenda kwa zamu baina ya watatu wakubwa, kwa kuwa hakuna haki katika kumwachia mmoja kazi isiyopendwa na mtu. Hapa nilitumia muda mrefu kuwafundisha. Mtoto kwanza aliosha nikiwa ninaosha, kisha akaosha yeye nikiwa nimekaa pembeni, na mwisho nikamwachia. Utaratibu tunaoufuata ni wa bilauri na vikombe kwanza, halafu sahani, halafu mabakuli yenye mafuta, na sufuria mwisho kabisa, zikiwa zimelowekwa tangu chakula kilipopakuliwa. Kuna beseni la kuoshea na beseni la kusuuzia, na maji ya kusuuzia hubadilishwa yakianza kuwa na povu. Tumekubaliana pia kwa maneno yaliyo wazi kazi inaisha lini: vyombo viko kichanjani vimeinamishwa, maji machafu yamemwagwa, beseni zimesuuzwa na kupinduliwa, makombo yamezolewa, na tambara limefuliwa na kuanikwa. Kabla ya makubaliano hayo kila jioni kulikuwa na mabishano, kwani kwa mtoto vyombo vimekwisha pale sahani ya mwisho inapotoka kwenye povu, na kwa mama vinaisha pale jiko linapoonekana kama hakuna aliyekula. Siku hizi mabishano ni machache, na yanapotokea tunarejea kwenye maneno yale.

Bibi yao hakufurahishwa na mvulana kuosha vyombo na kufua. Alilelewa katika nyumba ambayo wavulana walichota maji na kupanda minazi, na jikoni waliingia kula tu. Sikubishana naye, kwa sababu ni mzazi na nyumba ni yake kama ilivyo yetu, lakini mume wangu alizungumza naye kwa upole na kumkumbusha jambo ambalo sisi watu wa pwani tunalijua sote: katika harusi na maziara, sufuria kubwa za pilau na biriani mara nyingi huwa mikononi mwa wanaume, na hakuna anayewadharau, bali hutafutwa kutoka mitaa ya mbali. Kama mwanamume anaweza kuwapikia watu mia kadhaa kwa heshima, kijana wake anaweza kusugua sufuria iliyopikiwa watu wanane. Baba yao aliongeza kitu chenye nguvu kuliko maneno, nacho ni kuchukua zamu ya vyombo yeye mwenyewe siku za Jumapili anapokuwepo. Bibi hakusema kwamba amekubali, lakini mwezi uliofuata alimwita mjukuu wake akamfundisha kukuna nazi, akimwonyesha namna ya kukaa kwenye mbuzi na kuzungusha kifuu ili asifikie ganda jeusi linalotia tui rangi. Sasa nazi za Jumapili ni za kijana huyo.

Kuhusu dada anayetusaidia, ninaona wengi wetu tunakosea kuwaza kwamba akiwepo yeye basi watoto hawana la kufanya. Ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa siku 6 na saa 45 za kawaida kwa wiki, na inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Yeye anapumzika Jumapili, na siku hiyo nyumba inaendeshwa na sisi wenyewe tangu chai hadi chakula cha usiku. Watoto hawaruhusiwi kumtuma. Hafui nguo zao za ndani wala soksi, hatandiki vitanda vyao, na chandarua kila mmoja anakifunga mwenyewe anapoamka. Wanamwita dada na wanamheshimu kama dada, na ninaamini kwamba heshima hiyo inasimama kwa sababu wanajua kwa mikono yao uzito wa kazi anazozifanya.

Nimewahi kuambiwa kwamba kumpa mtoto kazi ni kumnyima haki zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu imetaja haki za mtoto kwa urefu, lakini imetaja pia wajibu wake, ukiwemo wa kuchangia mshikamano wa familia na kuwasaidia wazazi na wakubwa panapokuwa na uhitaji. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema kitu kama hicho katika kifungu cha 31, na unaweka sharti la umri na uwezo wake; kisha katika kifungu cha 12 unampa haki ya kupumzika na kucheza. Ninavisoma vifungu hivyo viwili pamoja, wala sioni vikigombana. Kazi inayomfanya mtoto achelewe shule, asinzie darasani au akose kucheza na wenzake jioni imevuka mpaka, hata kama inafanyika ndani ya nyumba yake na kwa jina la malezi.

Kazi kwetu haitumiki kama adhabu. Aliyekosa anaadhibiwa kwa njia nyingine, kama kukosa katuni za jioni au kubaki ndani wenzake wanapocheza, lakini haambiwi kwenda kupiga deki kwa sababu amemtukana mdogo wake. Wengi wa rika langu walipalilia majani shuleni kwa sababu ya kuchelewa au kupiga kelele, na wako watu wazima ambao hadi leo jembe kwao lina ladha ya aibu. Sitaki ndoo na ufagio viwe hivyo kwa wanangu. Vilevile hatuwalipi fedha kwa kazi za nyumbani. Hela ya matumizi wanapewa kwa kuwa ni watoto wetu, na wanaosha vyombo kwa kuwa wamekula humo.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake peke yake, na tunaukalia pamoja mwishoni mwa Shaaban. Jikoni huanza kuchangamka baada ya Alasiri: muhogo wa kumenya, nazi za kukuna, uji wa kukoroga, kaimati za kuchoma, tende za kuosha na kupanga. Wanaofunga wanachoka, kwa hiyo kazi za kusimama tunazigawa vipande vidogo zaidi na usafi wa Jumamosi tunaupunguza. Ugumu wenyewe uko baada ya futari, wakati vyombo vimejaa na watu wanataka kuondoka kwenda tarawehe. Katika nyumba nyingi msichana mkubwa ndiye anayebaki na vyombo huku wengine wakienda msikitini, na kwangu hilo halikubaliki, kwani naye amefunga na naye anataka kusali. Kwa hiyo kila mtu, baba na bibi wakiwemo, anaosha bakuli na bilauri yake kabla ya kunawa, sufuria zinalowekwa, na tukirudi, baba na mvulana wanazisugua. Kazi inayochukua saa nzima kwa mtu mmoja inakwisha kabla ya wadogo kulala.

Shule zikifungwa mwezi wa 6, maeneo yatabadilika, na tayari tumeanza kuzungumza. Binti mkubwa ana mtihani wa Kidato cha Pili mwezi wa 11. Hatumwondolei kazi zote, kama baadhi ya ndugu wanavyotushauri, bali tutampunguzia: atabaki na uwanja, zamu yake ya vyombo, na chakula cha usiku mara moja kwa wiki. Mvulana atachukua stoo, na chakula cha mchana cha Jumapili kitakuwa chake chote, tangu kuchagua mchele hadi kupakua. Maji yataenda kwa binti wa miaka 8 kwa sehemu tu, yaani kufungua bomba, kushika mpira na kufunika, na kusugua mapipa kutabaki kwa kaka yake hadi mikono ya mdogo wake itakapofika chini ya pipa. Sebule tutaigawana wakubwa wakati wa likizo ili mdogo huyo asizidiwe. Kitindamimba ameomba kuku, na atapewa kuwawekea maji asubuhi, akiandamana na bibi.

Anayeacha eneo humfundisha anayeingia kwa wiki moja kabla ya kukabidhi. Kwa upande wa stoo, watakaa wote wawili na daftari, wapime mchele na unga uliobaki, watikise mtungi wa gesi na kukadiria umebaki siku ngapi, kisha waandike na kuniletea daftari. Tumekubaliana kwamba kitakachopungua baada ya hapo kitaulizwa kwa mvulana.